Barua ya wazi kwa vijana wa kikundi cha wafugaji: majani kwanza, mitamba baadaye

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Wanangu, tangu tumzike kaka yangu, ambaye kwa baadhi yenu ni babu wa damu na kwa waliobaki ni babu wa mtaa, nimesikia kwamba mmekusudia mambo mawili: kukiita kikundi chenu kwa jina lake, na kuchanga fedha za kununua mitamba wanne wa mchanganyiko, yaani ng'ombe jike wachanga wenye damu ya kienyeji na ya kigeni, kabla ya Ramadhani, wakati maziwa yanapotafutwa kwa udi na uvumba. La jina sina neno. La mitamba ninalo, na nimeona niliandike hadharani kwa sababu wachangiaji wengine mko Unguja na Dar es Salaam, nanyi ni haki yenu kulisikia kabla hamjatuma fedha.

Kaka yangu hakuanza na maziwa. Kama sisi sote tuliokulia Pemba, alianza na karafuu, na hata alipopata eka tatu zake katika ule mgao wa ardhi uliofuata Mapinduzi ya 1964, ng'ombe kwake alikuwa yule wa kienyeji anayefungwa kamba chini ya mnazi, akahamishiwa kigingi mara mbili tatu kwa siku, na kukamuliwa lita moja au mbili zinazosalia baada ya ndama kunyonya. Bei ya karafuu ilipoporomoka katika miaka ya 1980, kwa kuwa Indonesia, mnunuzi wetu mkubwa, ilikuwa sasa inajitosheleza kwa karafuu yake yenyewe, ndipo alipoanza kufikiria ng'ombe wa mchanganyiko. Lakini hakununua. Alichukua kipande cha konde chenye rutuba, ambacho mwenye akili zake angepanda muhogo, akakipanda majani ya tembo, na kwa muda wa mwaka mzima hakuwa na mnyama wa kuyala. Watu walimcheka, nami nilikuwa mbele yao.

Mimi nilinunua. Nilipata fedha kidogo za karafuu nikaleta mtamba mzuri mwenye mimba, nikiamini kwamba majani ya njiani yatatosha, na kweli yalitosha mpaka vuli ilipokatika. Upepo wa kaskazi uliposhika, na jua la Januari likakausha kila kitu kuanzia bondeni mpaka barabarani, ng'ombe aliyekuwa akinipa lita nane alishuka hadi mbili, mbavu zikahesabika, na mwishowe nikamuuza kwa mchinjaji kwa bei ambayo hata leo siitaji. Kaka yangu hakunisema. Alikuja na baiskeli yake, nyuma kafunga mzigo wa mashina ya majani, akaketi chini na panga, akakata kila shina vipande vya vifundo vitatu vitatu, akanionyesha namna ya kukilaza kipande kwa mshazari ili vifundo viwili vizame ardhini na kimoja kibaki juu. Kisha akauliza samadi yangu iko wapi. Nilikuwa nimeigawa bure kwa majirani.

Sasa hesabuni pamoja nami. Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 anahitaji majani mabichi yasiyopungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 40 kwa siku, mbali na pumba. Wanne ni kilo 160, kila siku ya Mungu, Idi ikiwamo, na anayekamuliwa hunywa ndoo mbili tatu za maji au zaidi. Nani kati yenu atakata mzigo huo alfajiri kabla ya kwenda skuli au kazini, na ataukata wapi? Swali hili sikuliona katika karatasi yenu ya mpango, ingawa bei ya maziwa mmeiandika vizuri sana.

Mambo mengine ya babu yenu mnayajua, kwa hiyo sitayarefusha: kwamba ndama wake walipata dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, saa ile ile walipozaliwa, na kwamba maziwa hayakutiwa katika dumu la plastiki hata siku moja, kwani alisema shingo ya dumu haiingii mkono na kona zake hazisafishiki. Alipenda kutazama mchezo wa ng'ombe, ule wa watu kucheza na fahali uwanjani, kuliko mnavyodhani, ila fahali wake hakuwahi kumpeleka huko, hata alipobembelezwa.

Moja tu nitalieleza. Miaka yake ya mwisho, alipokaribia tisini na macho yakawa hayaoni vyema, aliingia bandani kila jioni, akashika sikio la ng'ombe na kulipapasa kwa ndani kwa ncha za vidole, taratibu, mpaka kwenye kishina, akitafuta kupe. Kupe huyo wa sikio ndiye anayeleta ugonjwa wa ndigana kali, na ndama wa mchanganyiko hawaihimili kama wale wa kienyeji. Alipompata alimng'oa akamtia katika kikopo cha mafuta ya taa. Kikopo hicho kiko bado dirishani.

Ninachowaomba ni kuahirisha ununuzi mpaka masika ipite, na hizi wiki za vuli zilizobaki tuzitumie kupanda. Nyuma ya banda lake majani hayajakatwa tangu alipolazwa. Yamepita kimo cha mtu, na ng'ombe hatayafurahia kwa ugumu wake, lakini mashina yaliyokomaa namna hiyo ndiyo yanayofaa kwa mbegu. Njooni na mapanga Ijumaa baada ya sala ya Alasiri. Mwenye baiskeli aje nayo, na kamba.

Wassalaam,
Ami yenu