Lori la Muheza si la mkoloni wala la jeshi

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita ukurasa wenu wa picha ulikuwa na lori kuukuu lililoegeshwa chini ya mwembe, pua bapa kama ya basi, taa moja haipo, kuku wawili wametua juu ya paa. Chini yake mliandika: "Lori la jeshi lililoachwa na mkoloni, Muheza." Mwembe huo uko uani kwetu. Lori lilikuwa la marehemu baba yangu na sasa ni langu. Mpiga picha hakupiga hodi. Angepiga, ningemkaribisha kwa kahawa na kumwonyesha makaratasi. Naomba nafasi nisahihishe maneno hayo, maana nimehangaika karibu miaka mitatu kutafuta lori hili limetoka wapi na lilitengenezwa lini.

Nianze na huyo mkoloni. Bendera ya Mwingereza ilishushwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Lori hili ni Land Rover, ya aina iitwayo Forward Control: dereva kasogezwa mbele kabisa, kakaa ubavuni mwa injini, ili nyuma pabaki nafasi kubwa ya mzigo. Kiwanda cha Rover cha Solihull, Uingereza, kilianza kuiuza mwaka 1962. Mkoloni alikuwa ameshafunga virago. Hakuweza kutuachia gari ambalo lilikuwa halijaingia sokoni.

Hilo la jeshi naelewa lilikotoka. Ipo Land Rover nyingine yenye uso bapa, iliyotengenezwa kati ya 1972 na 1978 kwa ajili ya majeshi, yenye injini ya V8 ya lita 3.5. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ina inchi 101. Ukiiona kwa mbali utasema ni ndugu wa tumbo moja na letu. Ukisogea unaona kebini si ile, chesesi, yaani fremu ya chini, si ile, injini si ile. La kwetu lilikuja miaka kumi kabla yake na lilitengenezwa kwa kazi za raia: mashamba, migodi, zimamoto, wakandarasi wa barabara.

Baba aliliendesha katika shamba moja la mkonge tangu mwaka 1971. Lilibeba manamba wa kukata mkonge alfajiri, saa nne lilibeba mapipa ya maji, jioni lilipeleka mafundi na vyuma vyao korona, yaani kwenye kiwanda cha kusindika mkonge. Kiwanda kililipangia mzigo wa tani moja na nusu barabarani. Mashambani nani alipima? Nilipokuwa na miaka kumi hivi baba alinipakia siku za Jumamosi. Kwa kuwa injini iko katikati ya viti viwili, nilikaa juu ya mfuniko wake, nimekunjiwa gunia mara tatu, na bado joto lilipenya. Mbele yangu kulikuwa na vishikio viwili vya gia, kimoja chenye kichwa cha njano na kingine chekundu. Mvua za masika zikishika, kwenye mlima wa kwenda Amani, baba alisimama kabisa, akavuta chekundu, cha gia nzito, kisha akaanza kupanda polepole huku tope likirushwa mpaka kwenye madirisha. Kushuka hakuzungumza na mtu. Gari lile ni refu na uzito wake uko juu. Ukiingia kona kwa pupa linakulalia.

Shamba lilipokufa, miaka ya themanini mwishoni, wafanyakazi walidai kiinua mgongo na fedha hazikuwepo. Baba akapewa lori. Aliliendesha mpaka 1996, akaliegesha chini ya mwembe, na miaka miwili baadaye tukamzika.

Miaka mitatu iliyopita wakaja vijana wa vyuma chakavu na mizani yao. Walitaka kulikata palepale kwa gesi na kulinunua kwa kilo. Kaka yangu alikuwa ameshakubali. Mimi ni muuguzi mstaafu, sijui ufundi wa magari, lakini niliomba wasubiri wiki moja nijue kwanza ni kitu gani kinachokatwa. Wiki ile haijaisha mpaka leo.

Mafundi wawili wa mjini walilitazama. Wote walifungua mfuniko, wakaona injini ya dizeli ya lita 2.25 yenye chapa ya Land Rover, wakasema kwa uhakika: hii ni Series IIB, toleo la baadaye la Forward Control, maana ndiyo iliyokuja na dizeli. Niliwaamini. Kwa neno lao nikaagiza springi za nyuma za IIB kutoka nje, nikalipa na ushuru. Springi zilipofika hazikukaa. Mpaka leo zimeegemea ukuta wa jiko langu la nje, na fedha yangu imelala hapo.

Hapo ndipo niliponunua utepe wa fundi seremala nikaanza kupima mwenyewe. Series IIA, ya 1962 hadi 1966, ina inchi 109 kati ya ekseli, sawa na milimita 2,769. IIB iliyoifuata ina inchi 110, milimita 2,794. Inchi moja tu! Nikapima upande wa kulia, nikapata milimita 2,781. Upande wa kushoto, 2,766. Nilirudia mara nne, nikimshikisha mjukuu ncha ya utepe katikati ya tairi. Kumbe bushi za springi zimekwisha na ekseli ya nyuma imekaa upande, kwa hiyo kipimo changu kilikuwa kinapima uchakavu.

Kilichonisaidia ni kulala chini ya gari. Nilitandika gunia, nikawasha tochi ya simu, nikafuata springi ya nyuma kwa kidole mpaka inapokutana na ekseli. Kwenye IIB springi za nyuma zimepanda juu ya ekseli, na ekseli zenyewe ni pana zaidi, kwa sababu kiwanda kilikuwa kimesikia malalamiko yaleyale aliyoyajua baba, kwamba gari linayumba. Kwenye la kwetu springi inapita chini ya ekseli, kama kwenye Land Rover za kawaida. Ndiyo maana zile nilizoagiza hazikukaa. Nilibaki nimelala pale kitambo, kutu ikinidondokea kifuani, nimefurahi kama mtu aliyeokota fedha.

Lakini sasa dizeli ilitoka wapi? IIA ilitoka kiwandani na petroli tu: silinda nne ya cc 2,286, au, kwa zilizopelekwa nje, silinda sita ya cc 2,625. Nikamuuliza mama, ambaye macho yamefifia ila kumbukumbu ni ya binti. Alinijibu bila kufikiri: "Baba yako alirudi akinuka petroli. Nilimkataza kuvulia shati ndani, jiko linawaka. Baadaye harufu ikabadilika." Mafundi walisoma chapa kwenye injini, mama alisoma shati. Shamba lilikuwa na Land Rover nyingine za kawaida za dizeli, na injini moja ilihamishiwa kwenye lori.

Ilibaki namba. Kibati cha ndani ya kebini kimeng'oka, matundu manne ya skrubu ndiyo yaliyosalia. Ila Land Rover za wakati ule ziligongwa namba pia kwenye chuma cha chesesi, mbele kulia, kwenye kishikio cha springi. Nilikwangua kwa brashi ya waya, nikafuta kwa mafuta ya taa, nikasugua chaki ya shule juu yake na kupangusa kwa kiganja. Chaki ilibaki ndani ya mikato, tarakimu zikatokeza nyeupe, moja baada ya nyingine, na herufi moja mwishoni. Sikuweza kuamua kama tarakimu ya tano ni 3 au 8. Nikaweka karatasi, nikapitisha penseli juu yake kama watoto wanavyochora sarafu, ikasoma 3. Tarakimu tatu za mwanzo ndizo zinazotaja aina ya gari na soko lililokusudiwa, na herufi ya mwisho inaonyesha mabadiliko ya kiufundi yaliyokuwa yamefikiwa.

Wakati huohuo nilichunguza rangi. Nje lori ni kijani, na kila mpita njia husema kijani maana yake ni jeshi. Nikachukua msasa wa maji, nikasugua duara dogo la ukubwa wa shilingi nyuma ya mlango, pale ambapo jua halifiki. Kijani kikaisha, ikaja bluu iliyopakwa kwa brashi, bado ina mistari ya nywele za brashi. Chini yake kijivu laini, kisha bati lenyewe jeupe. Nililipima kwa sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Bodi ya Land Rover ni aloi ya alumini, sumaku haishiki. Iliposhika, kwenye kona ya mlango wa kushoto na chini ya hatua, nilijua hapo pamewekwa kiraka cha bati la kawaida, na kweli palikuwa na unga mweupe kuzunguka kiraka, kwa kuwa vyuma hivyo viwili vikikutana kwenye hewa ya chumvi kama hii ya Tanga vinalana. Nyuma, juu ya mlango wa bodi, chini ya rangi, zilitokea herufi SU za Shirika la Umma. Shamba lilikuwa limetaifishwa baada ya Azimio la Arusha, na lori likataifishwa nalo.

Madaftari ya kiwanda yapo. Yanatunzwa katika Jumba la Makumbusho la Magari la Uingereza, British Motor Museum, kule Gaydon, na kwa malipo wanakuandikia cheti kutokana na namba ya chesesi. Binti wa mdogo wangu anayeishi Birmingham alinishughulikia. Cheti kilipofika nilikisoma nimesimama palepale getini. Series IIA. Petroli, silinda nne. Usukani kulia. Limekamilika mapema mwaka 1964 na kupelekwa Tanganyika, kabla ya Muungano. Rangi: kijivu. Nikaenda nyuma ya mlango na cheti mkononi, nikatazama lile duara langu la shilingi.

Watu huniuliza kwa nini nasumbuka. Land Rover ya laki tano ilitoka kiwandani mwaka 1966, na ya milioni mwaka 1976. Katika wingi wote huo, hizi za pua bapa za raia, IIA na IIB pamoja, hazikufika hata elfu kumi. Zilifanyishwa kazi ngumu na injini ndogo, nyingi zikafa kazini. Na hapa kwetu zinakatwa kwa gesi kila mwaka bila mtu kunakili namba.

Kwa hiyo, Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza, muirudie picha ile na muandike chini yake: "Land Rover Forward Control, Series IIA, Solihull, 1964. Lilifanya kazi katika mashamba ya mkonge, Tanga." Mkitaka picha bora njooni, nitafukuza kuku.

La pili ni kwa wasomaji. Cheti kinanieleza mpaka lilipopelekwa. Baba alilikuta mwaka 1971 likiwa na miaka saba barabarani, na miaka hiyo sina mtu wa kunisimulia. Ikiwa wewe au mzazi wako mlifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Muheza au Korogwe kati ya 1964 na 1971, fungua albamu na masanduku. Tafuta Land Rover yenye uso bapa, ya kijivu, au ya bluu iliyopakwa kwa brashi. Ikiwa mlango wa kushoto una kibonyeo kirefu chini ya kitasa, upana wa viganja viwili, ni lenyewe. Baba alilipokea nacho, na hakuambiwa aliyekipiga. Nakiri ningependa kumjua. Picha itumwe kwa Mhariri, nami nitalipia nakala na kuirudisha halisi ilikotoka.

Binti wa dereva,
Muheza, Tanga