Simu yako nimeifungua

Kisumu, Jumapili jioni

Wekesa ndugu yangu,

Salamu sana. Hapa Kondele sisi wazima, ila stima inapotea ikiona wingu tu. Mama Brayo anakusalimu na bado anauliza sufuria yake.

Simu uliyoituma na matatu ilifika Alhamisi, ile ambayo wakala wenu anasema ni mpya ya siri, inashika intaneti bila laini, na kila mtu wa chama chenu atoe dipoziti ya kuijaribu bila kusema kwa mtu. Makanga aliitoa chini ya kiti, imezungushiwa gazeti na selotepu nusu roli, nikasema kweli hii ni siri kubwa. Nimeifungua. Jina la kampuni kwenye kifuniko limekwaruzwa kwa wembe, lakini aliyekwaruza alisahau bodi: namba ya modeli iko pale pale chini ya betri. Nikabonyeza *#06#, zikaja tarakimu 15. Nane za mwanzo ndizo husema simu ni ya aina gani, na hizi zinasema ni ile ya bei rahisi ninayoibadilisha kioo kila wiki hapa kibandani. Na ile habari ya kushika intaneti bila laini? Huku kwangu haikushika hata salamu. Kule Nakuru nadhani wakala alikuwa amewasha simu nyingine mfukoni ikirusha wifi.

Dipoziti ya shilingi 3,500 mara watu 12. Hiyo ni 42,000 ya chama, Wekesa, na mweka hazina ni wewe.

Najua utanirushia yale maputo ya intaneti, niliyokataa kuyaamini. Haya, nilikosea. Mwaka ule wa korona mzee wa Dunga, yule wa redio, aliniambia kuna kitu cheupe juu ya ziwa kisichokwenda kama ndege. Nikamwambia akapimwe macho. Julai 2020 Telkom na Loon, kampuni yenye hayo maputo, wakazindua intaneti ya maputo, kama 35 hivi, kilomita 20 juu, huku kwetu mpaka huko kwenu. Kumbe mkataba ulitangazwa tangu 2018, mimi ndiye sikusoma gazeti. Januari 2021 wenyewe wakasema wanafunga mradi, lakini mzee hajanisamehe. Mpaka leo ananiita "injinia" kwa ile sauti.

Kwa hiyo sisemi kila kinachonong'onwa ni uongo. Ila mzee aliona kwa macho yake, na hakuniomba hata shilingi. Wakala wako ameona nini? Kila nikikuuliza unaniambia alisikia kwa mtu aliye ndani.

Halafu kuna hili linanichekesha. Mwaka 2010 Apple walikuwa wakiijaribu iPhone 4 mitaani kabla haijatangazwa. Waliivika kifuniko ionekane kama ile ya zamani, mpaka mfanyakazi wao akaisahau kwenye baa California. Simu mpya ilijificha ndani ya sura kuukuu. Yako ni kuukuu iliyovikwa sura ya mpya! Na yule jamaa alikuwa akilipwa mshahara, hakulipishwa dipoziti. Hata M-Pesa, ilijaribiwa Nairobi na Thika tangu Oktoba 2005, kabla ya kuzinduliwa Machi 2007, na waliojaribu walikuwa watu wa mikopo wakirejesha deni lao kwa simu. Kulipia kujaribu mali ya mtu mwingine, tena ukatazwe kusema... acha nisiendelee, nitaandika mabaya.

Sasa nijibu. Pesa mmeshatoa au bado ziko kwako? Kama mmetoa, zilienda namba ya nani, ya ofisi au yake mwenyewe? Risiti mnazo? Nani alimleta kwenye chama, si Kipruto tena? Na Pauline anajua, au umemficha kama ile hadithi ya sungura wa biashara?

Simu naituma kesho na matatu ile ile ya asubuhi. Skrubu moja imenipotea chini ya meza, usiniulize.

Ni mimi,
Odhis