Barua ya malalamiko: kichwa cha trela kilichokwisha kufunguliwa, na trela ya skeli isiyo yake

Mteja wenu,
Donholm, Nairobi.

14 Julai 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Kwa Meneja,

KUH: MODELI MBILI NILIZOUZIWA KAMA MPYA NA KAMILI

Nawaandikia kuhusu modeli mbili za plastiki za kuunganisha mwenyewe nilizonunua kwenu: kichwa cha trela cha skeli ya 1/24 (yaani kila kipimo ni sehemu moja ya 24 ya lori halisi) kwa KSh 14,500, na trela ya boksi ya futi 40 kwa KSh 12,800. Nililipa kwa M-Pesa, pamoja na KSh 350 za kuletewa hadi Donholm, jumla KSh 27,650. Ujumbe wa malipo, risiti na picha nimeviambatisha.

Nimekwisha kupiga simu na nimekwisha kufika dukani. Nilijibiwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, tena kwamba kasoro zinazoonekana kwenye picha zangu "zilitokea mikononi mwa mteja". Jibu la kwanza mmelichapa chini ya risiti, kama maduka mengi ya mjini. La pili ni kunisingizia, na ndilo lililonifanya niandike barua hii badala ya kupiga simu tena. Vitu vyenyewe vinaonyesha viliharibikia wapi, kwa anayejua kuvitazama.

Nianze na kioo cha mbele. Nilipofungua kisanduku cha kichwa, matairi yote 10 ya vinili yalikuwa yamemwagika humo ndani bila mfuko, na moja lilikuwa limelalia fremu ya vioo, ile inayoshikilia vipande vyote vya plastiki angavu. Nilipolishika halikuinuka, lilikuwa limenata. Nililibandua taratibu, na chini yake, mbele kabisa ya mahali anapokaa dereva, nikakuta alama ya mviringo iliyofuata meno ya tairi jino kwa jino. Plastiki ilikuwa imelainika ikazama, pembeni ukungu mweupe. Ukipitisha ukucha unasikia mfereji.

Muuzaji wa modeli anapaswa kulijua jambo hili. Vinili kwa asili yake ni ngumu. Ili inyumbuke kama mpira, kiwandani hutiwa kemikali ya kuilainisha. Kemikali hiyo haitulii ndani ya tairi. Hutoka polepole, na ikikutana na polistirini, ile plastiki inayotengenezewa kebini, chasisi na vioo, huingia ndani yake na kuiyeyusha. Ndiyo sababu viwanda huyafunga matairi kwenye mfuko wake na vioo kwenye mfuko wake. Ulaji wa namna hii hauji kwa siku mbili tatu. Huchukua miezi mingi, na joto huuongezea kasi. Kisanduku hiki kililetwa kwangu jioni, na kesho yake asubuhi mlikuwa mmeshapokea picha zangu. Sasa tairi liliwezaje kula kioo kwangu usiku huo?

Maana yake ni kwamba kuna mtu aliyekifungua kisanduku zamani, akatoa matairi kwenye mfuko wake, pengine kumwonyesha mteja, kisha akayatupia ndani bila mpango na kuweka karatasi mpya ya gundi juu ya kifuniko. Gundi yenu ya uwazi ilikuwa imepita juu ya alama ya gundi nyingine iliyobanduliwa. Picha ya tatu inaonyesha hilo vizuri.

Stika nazo zinasema hivyohivyo. Karatasi yake imegawanyika kwa mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula: upande mmoja mweupe, upande mwingine umegeuka manjano. Stika hugeuka manjano zikizeeka, na mwanga wa jua huupausha umanjano huo, lakini ndani ya kisanduku kilichofungwa jua haliingii. Karatasi hii iliwekwa mahali pa wazi, nusu yake ikiwa imefunikwa na kitu. Kifuniko chenyewe kimepauka ubavu mmoja, wekundu wa kebini kwenye picha umekuwa rangi ya chungwa, na ubavu wa pili bado unang'aa. Nilipokuja dukani niliona visanduku vimepangwa dirishani, upande unaopigwa na jua la alasiri. Nilikata stika moja ambayo singeihitaji, nikaiweka kwenye maji ya vuguvugu kama maelekezo yanavyotaka. Badala ya kuteleza ikiwa nzima juu ya karatasi yake, ilipasuka vipande vipande na kuelea. Zilizobaki ni pamoja na zile za saa za dashibodi, ndogo kuliko punje ya mtama, ambazo mkono wa binadamu hauwezi kuzichora.

Kijana aliyepokea simu yangu alikuwa na adabu, sina neno naye. Lakini aliniambia, "Mkubwa, hiyo ni toi tu ya watoto, paka supaglu hapo kwa kioo na itakaa sawa." Tafadhali mfundisheni. Supaglu ikikauka hutoa mvuke unaoacha utando mweupe juu ya plastiki angavu, na utando huo hauondoki kirahisi. Ndiyo maana vioo vya modeli hubandikwa kwa gundi nyeupe ya maji au kwa gundi maalumu ya vioo. Ningemsikiliza, ningepoteza pia vioo vya milango, ambavyo ndivyo pekee vilivyosalimika. Mwenzake wa dukani alisema nisugue kwa msasa. Msasa laini sana ukifuatwa na dawa ya meno huondoa mkwaruzo wa juu, ni kweli, nami huutumia. Hapa plastiki imeyeyuka hadi ndani. Ukisugua mpaka uufikie mfereji, kioo kitabaki chembamba na kilichopinda, na ukitazama ndani ya kebini kila kitu kitaonekana kimejikunja.

Sitaki mnione mtu wa kutafuta makosa. Chasisi ilikuja imejipinda kidogo: nikiilaza juu ya meza ya kioo, kona moja inainuka. Hilo silalamikii. Reli ndefu na nyembamba za plastiki hujipinda zikipoa kiwandani au zikisafirishwa, na maji ya moto pamoja na uvumilivu huzinyoosha. Mabaki ya plastiki kwenye maungio ya kalibu nayo silalamikii. Kuyakwangua kwa wembe ni sehemu ya kazi yenyewe. Nisemayo ni yale yaliyofanyika baada ya kisanduku kutoka kwa mtengenezaji, na kwa sababu hiyo sitamtaja mtengenezaji popote. Alifunga kazi yake vizuri. Iliharibikia kwenu.

Nikija kwa trela, hapa neno lililo sahihi ni udanganyifu, ingawa niko tayari kuamini kwamba aliyeufanya hakujua anachofanya. Tangazo lenu lilisema 1/24, na kisanduku kilikuwa na lebo yenu ya bei iliyoandikwa 1/24. Nilipoipima trela, vipimo vikakataa. Nikaibandua lebo. Chini yake mtengenezaji ameandika wazi: 1/25.

Najua mtu wa kawaida ataona hizo ni nambari zilizokaribiana. Hebu tupige hesabu. Boksi la futi 40 lina urefu wa mita 12.19. Kwa skeli ya 1/24 linakuwa milimita 508. Kwa 1/25 linakuwa milimita 488. Upungufu huo wa sentimita 2, ukiurudisha kwenye lori halisi, ni karibu nusu mita. Upana wa futi 8 unatoka milimita 101.6 hadi milimita 97.5, yaani trela halisi iliyopungua takribani sentimita 10. Ukiifunga nyuma ya kichwa cha 1/24, macho yanashtuka kabla hata hujajua kwa nini. Kebini inaonekana imevimba, trela inaonekana ya gari jingine.

Na mimi sikuinunua ili ikae peke yake. Kusudi langu ni trela ya huku kwetu, kama zinazopita Mombasa Road usiku kucha kuelekea Malaba. Nyingi ya hizo zina ekseli tatu nyuma, kwa hiyo ile ya modeli yenye mbili ningeiongezea ya tatu kutoka kwa vipande vya 1/24 nilivyo navyo. Ningeweka ukanda wa kuakisi mwanga ubavuni, duara la 80 KPH kwenye mlango wa nyuma, kibao cha namba kinachoanza na Z kama trela zote za Kenya. Usukani ningeuhamishia kulia. Hata vizuizi vya matope vyenye maandishi ya mwenye gari nilishavichora. Ekseli ya 1/24 haiingii chini ya trela ya 1/25 bila magurudumu kutokeza nje ya bodi. Kazi yote niliyoiandaa imesimama kwa sababu ya kipande cha karatasi chenye gundi.

Neno hilo la "toi ya watoto" nimelisikia mara mbili kutoka kwa wafanyakazi wenu, na naona ndilo chanzo cha haya yote, kwa hiyo nitalisemea kidogo. Kwenye kisanduku mlichoniuzia kumeandikwa kuwa ni cha umri wa miaka 14 na zaidi. Toi ikivunjika gurudumu, mtoto huendelea kuicheza. Modeli isiyo na kioo cha mbele haiwi modeli pungufu kidogo. Haikamiliki kabisa, maana kebini hufungwa juu ya kioo hicho na chochote utakachofanya ndani hutazamwa kupitia hapo. Mnapouza seti ya vipande zaidi ya 100, mnachouza ni ukamilifu wake. Kimoja kikiharibika, mia zilizobaki ni plastiki ya kuhifadhi kwenye droo.

Tunaounda malori madogo hapa Nairobi ni wachache, na tunajuana. Wengi walianza na magari ya waya na mikebe, kama watoto wa mitaa mingi ya nchi hii. Sasa tunajenga boksi za trela kwa vipande vya foreksi (bodi nyepesi ya plastiki) tunavyookota kwa waandika mabango, tunakata mabomba ya plastiki kuwa matangi ya mafuta, tunafinyanga bati la soda liwe bampa. Mtu akiamua kununua seti ya KSh 14,500 amejinyima. Ana sababu: kebini yenye mikunjo sahihi, kioo kilichopinda mbele na pembeni kwa wakati mmoja, rimu zenye matundu ya bolti, hivyo havipatikani kwa foreksi na kisu. Kioo kama hicho naweza kukijaribu nyumbani kwa karatasi angavu ya plastiki iliyopashwa moto na kuvutwa juu ya kalibu ya mbao. Lakini hiyo ni wiki za kazi kwa kitu nilichokwisha kukilipia.

Kuhusu "bidhaa ikishauzwa hairudishwi": Katiba ya Kenya, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike na bidhaa hizo, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inahesabu kuwa ni mwenendo usio wa haki kumwambia mteja kitu ni kipya hali si kipya, au kina sifa ambayo hakina. Mstari uliochapwa chini ya risiti hauwezi kufuta hayo. Kisanduku kilichofunguliwa mngeweza kukiuza kwa uwazi, "kimefunguliwa, kioo kina dosari", kwa bei ya chini, na wapo wenzangu ambao wangekichukua ili wapate chasisi na injini. Mngepata pesa yenu bila kumdhulumu mtu.

Ninachotaka ni hiki. Trela muichukue mnirudishie KSh 12,800, kwa sababu hakuna marekebisho yatakayoigeuza skeli yake. Kwa kichwa, niko tayari kubaki nacho mkiniagizia fremu ya vioo na karatasi ya stika mpya kutoka kwa mtengenezaji, kwa gharama yenu, na mniandikie tarehe ya kuzitarajia. Kama hilo haliwezekani, basi nirudishiwe KSh 14,500 nami nilete kisanduku kizima. Pesa za kuletewa sizidai. Nadai pia mniandikie kwamba kasoro hizi hazikutokea kwangu.

Nasubiri jibu la maandishi kwa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka nakala kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hupokea malalamiko ya watumiaji, na nitafungua madai katika Mahakama ya Madai Madogo hapa Milimani, inayosikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000 na inayotakiwa na sheria kuamua kesi ndani ya siku 60. Sipendi kufika huko. Maduka yanayoleta seti hizi mjini yanahesabika, na lenu likifungwa sote tutarudi kuagiza ng'ambo kwa gharama ya usafiri inayokaribia bei ya modeli yenyewe.

Kwa hivyo, mkiwa bado mnashughulikia langu, ombeni mtu avitoe vile visanduku dirishani leo. Visivyofunguliwa vihamishiwe rafu ya ndani, penye kivuli. Vilivyofunguliwa vikaguliwe kimoja kimoja: matairi yarudishwe kwenye mifuko yake, mbali na vioo. Na kila lebo yenu ya bei iliyobandikwa juu ya maandishi ya skeli ibanduliwe, ibandikwe pembeni.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu, Donholm
(Jina, nambari ya simu na nambari ya risiti vimo katika nakala mliyokabidhiwa dukani.)

Viambatisho: ujumbe wa malipo, risiti, picha za kisanduku, kioo, stika na lebo.