Asante, dada uliyenisaidia kuchagua nguo

Dada, sikukuuliza jina, lakini nakushukuru kwa dhati. Uliniona nikihangaika na zipu ya gauni lililogoma kunitosha baada ya kujifungua, ukasogea taratibu ukasema: "Mwili wako hauna kosa, mama. Nguo ndiyo iufuate."

Ukanifundisha kutazama mabega kwanza. Bega likikaa sawa, kiuno fundi atakipunguza kwa urahisi. Bega likipwaya, kulirekebisha ni kazi kubwa na ya gharama. Kisha ukaligeuza gauni ndani nje, ukanionyesha kitambaa kilichobaki kwenye mshono wa ubavuni: kikiwa kipana, nguo inaweza kupanuliwa mwili ukiongezeka. Hilo sikuwahi kuambiwa na mtu, na limeniokolea fedha nyingi. Ukanitajia pia sketi ya lastiki na gauni la kufunga kwa mkanda. (Kwa anayenyonyesha, vifungo vya mbele ni neema!)

Wala hukunihimiza ninunue. Ulisema nichukue chache zinazooana rangi, nyingine zisubiri, kwa kuwa mwili bado unabadilika. Leo navaa nikajitazama kwa furaha. Mungu akuzidishie, dada yangu.