Barua kwa Kalenga, juu ya ile fotei

Kalenga ndugu yangu,

Jambo sana. Habari ya Kolwezi, ya muke, ya watoto, ya ile vumbi yenu. Sisi wote tuko, Mama anakohoa kidogo tu, na yule wa Likasi alipita hapa akakaa wiki mbili, akamaliza bukari yetu, akaenda. Najua ni miezi saba sijakuandikia na ile mesaje yako ya Pasaka ilibakia bila jibu. Unisamehe, haikuwa kisirani, ni kazi ya trupe yetu ya komedi ilinimeza. Kuraa imerudi saa hii tu, ni usiku, na niko na kitu ya kukuomba. Lakini kabla sijaomba lazima nikuelezee, juu nikiomba hivi hivi utafikiri ninacheka na wewe.

Wewe unajua vile ninapenda kusoma maisha ya watu wa komedi. Sasa toka mwezi wa tatu niko mu maisha ya Norman Lear, Mumarekani mumoja, muandishi na produsa wa komedi za televizyo, alikufa tarehe 5 mwezi wa 12 mwaka 2023, alikuwa na miaka 101. Alizaliwa 1922 kule New Haven. Alipofika miaka 9 polisi ilikamata papa yake, juu ya kuuzisha bond ya uongo, yaani makaratasi ya kukopesha feza, na huyo papa akakaa miaka 3 mu buloko. Sikia sasa: ile siku nyumba ilijaa watu na mama yake alikuwa anauzisha bintu ya nyumba. Mu ile bintu mulikuwa fotei ya papa, kiti yake ya kuegemea, nyekundu, ya ngozi. Pale njo papa alikuwa anakaa anaongoza radio, ni yeye tu alikuwa anachagua nini watu watasikiliza. Mutu mumoja anataka kuinunua. Na mu ile fujo mukubwa fulani akamuwekea mutoto mukono ku bega, akamuambia sasa ni wewe njo mwanaume wa nyumba. Mutoto wa miaka 9! Kisha wakamutuma akaishi kwa wajomba, kwa wakambo.

Nilisoma hapo nikaweka telefone chini, nikatoka inje mu lupango, nikabakia nimesimama. Wewe unajua juu ya nini.

Ngoja nimalizie huyu mutu kwanza. Aliacha masomo akaenda vita, akapanda ndege za kutupa bombe mara 52, yeye alikuwa wa radio na wa bunduki. Kurudi, feza hakuna, alitembeza fotei na bintu ya nyumba mulango kwa mulango kule Los Angeles pamoja na Ed Simmons, muume wa kizini yake, usiku wanaandika vichekesho. Na vile alipenya! Alipiga simu ku biro ya ajan wa Danny Thomas, muchekeshaji wa jina kubwa, akasema yeye ni muandishi wa New York Times, anakimbia ndege, anahitaji namba ya Danny Thomas mbiombio. Wakamupa. Akamupigia Danny Thomas mwenyewe, akamuuzishia skeche. Kisha akaandikia wachekeshaji Dean Martin na Jerry Lewis, kisha akaanzisha kampuni na Bud Yorkin. Ile yote ni njia tu. Yenye inanishika mimi ni vile alipofika miaka 48, kisha televizyo ya ABC kukataa mara mbili, ile ya CBS ikaonyesha komedi yake All in the Family, tarehe 12 mwezi wa kwanza 1971. Ni muzee mumoja wa Queens, kule New York, Archie Bunker, mutu wa kelele, mwenye kuzarau kila kabila, na iko na fotei yake mu saloni, yenye hakuna mutu anakalia. Wazo ilitoka ku komedi ya Waingereza, ni kweli, lakini ile mudomo ya Archie ni ya papa ya Lear mwenyewe. Vile papa alikuwa anafunga mama kinywa ku meza, ile neno yake yenyewe, Lear aliiandika ikatoka mu televizyo. Miaka 5 mufululizo hakuna emisyo ya Marekani iliipita. Na ile fotei ya Archie leo iko mu muze ya taifa kule Washington, watu wanapita wanaiangalia.

Mimi nayo nimeandika ya kwetu, Kalenga. Epizodi sita. Saloni ya Katuba, papa mwenye alitoka ku kazi, mama anauzisha makala na mukate, watoto wanne, radio. Na ile neno, unaikumbuka, wewe ulikuwa unaigiza sauti ya Papa yangu mbele ya masomo tunakufa na cheko: « Nyamaza, habari inapita! » Habari yenyewe imeisha, sasa ni muziki, yeye anasema nyamaza, habari inapita. Niliiweka mu kila epizodi. Trupe walipoisoma walicheka mupaka wa jirani wakakuja ku kiyo. Lakini Papa Kasongo, mwenye anacheza muzee, hataki kuisemea mama, anasema ku kanisa watamuangalia mubaya. Tumebishana siku tatu. Nilimuelezea vile Carroll O'Connor, ule wa Archie, alikataa kabisa epizodi moja ya kukwama mu asanseri na mwanamuke anazaa pale pale, Lear akakatala kuibadilisha, mambo ikafika kwa maavoka, mwisho akaicheza na ikakuwa ya muzuri ajabu. Papa Kasongo akaniambia: huyo alikuwa analipwa na dola. Hapo sikuwa na jibu.

Na hatuna desturi ya kushikilia makaratasi, unajua. Mufwankolo, yule muchekeshaji wa Lubumbashi, na watu yake walikuwa wanapatana tu hadisi inaendaje, kisha kila mutu anasema yake, na Lubumbashi yote inakaa mbele ya televizyo. Mimi nilikomaa na ile namna. Lakini ile epizodi ya sita ninaitaka neno kwa neno vile niliiandika, juu ile njo ya fotei.

Sasa nafika. Mwaka 2004, mimi nilikuwa na miaka 11. Kampuni ilimutosha Papa, ile feza kidogo yenye walimupa iliisha, na siku moja ya samedi pusipusi ya kubeba bintu ikaingia mu lupango. Fotei ya kahawia, mukono wa kuume umepasuka. Papa hakutoka mu chumba. Nilifuata pusipusi nyuma, avenue yote, mimi nimebeba mto, na mulango yenye ilifunguka ilikuwa yenu, na mwenye alifungua ni wewe. Uliniangalia, nilikuangalia. Lundi tulienda masomo pamoja. Ni zaidi ya miaka 20 sasa, na hatujaisema hata siku moja, hata wakati wa bière, hata ku kilio ya Papa yako. Nilikuwa ninakuja kwenu, ninakaa ku kitanda yako, sikukalia ile fotei hata mara moja, na wewe hukunikaribisha pale hata mara moja. Nilikuona. Nilikushukuru mu moyo, sikujua namna ya kusema. Niko nasema leo.

Kuomba kwangu ni hii: ninaitaka kwa siku mbili. Menuizie wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, alinipa ingine bure, ya muzuri hata, lakini Papa Kasongo akikaa pale ni Papa Kasongo tu. Nilienda kwa Mama yako mardi, akanipa chai, akasema ile ni kitu ya marehemu, uliza Kalenga. Akisikia sauti yako ataikubali. Pusipusi nitalipa mimi, na watoto wawili wa trupe wataibeba polepole, na dimanche jioni itakuwa imerudi.

Lakini kuna Papa. Huyu njo ananinyima usingizi. Ataona. Watoto wa parseli watamuonyesha ku telefone, atajisikia mu kinywa ya Papa Kasongo, kisha ataona fotei yake. Ninafikiria na ile Good Times, komedi ingine ya Lear, ya familia ya weusi, vile muchezaji Esther Rolle alikatala kucheza mama bila muume mu nyumba, akasema familia ya weusi nayo iko na papa, wakamuletea papa. Na kisha John Amos, mwenye alicheza huyo papa, akalalamika juu ya vile cheko ilikuwa inaenda, wakamutosha, wakamuua mu aksida ya gari, 1976. Hiyo sikuipenda. Mimi sitaki kutosha papa. Mu epizodi yangu muzee anabakia mupaka mwisho, iko mu saloni yenye hakuna kitu, radio iko chini, na anasema nyamaza, na hakuna mutu alikuwa anasema.

Wewe unaonaje? Nimuonyeshe mimi mwenyewe mbele, sisi wawili tu, ao nimuache akutane nayo? Papa yako aliinunua juu alikuwa anaihitaji, ao ni namna ya kutusaidia bila kutupatisha haya? Aliwahi kukuambia? Yeye mwenyewe alikuwa anaikalia? Na Mama yako utamupigia lini, juu tunaanza samedi saa tatu? Na wewe utashuka lini, ao mpaka Noeli?

Na umuambie Mama asitafute mto. Ile siku nilirudi nao nyumbani, hakuna mwenye aliniuliza. Papa anaukalia mupaka leo, ku kiti ya plastiki.

Ndugu yako wa avenue moja