Bandeji ikishatoka, nani amfuate mgonjwa nyumbani?

Ndugu Mhariri, pamoja na wasomaji mnaohudumia macho au mnaouguza wazee majumbani,

Tunaomba ushauri kuhusu wagonjwa waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Upasuaji wenyewe hautupi wasiwasi. Madaktari wanaokuja na kambi za macho huku kwetu, kwenye wilaya za korosho kusini mwa Tanzania, wanaijua kazi yao. Jicho linatiwa ganzi na kusafishwa kwa povidoni-iodini ya asilimia 5. Kwenye sehemu nyeupe inachongwa njia ya milimita 6 hadi 7, lenzi iliyoingia ukungu inatolewa, na lenzi ya plastiki inawekwa ndani ya kifuko kilekile ilimokuwa ile ya zamani. Njia hiyo huchongwa kwa mshazari, kwa hiyo msukumo wa maji ya ndani ya jicho huifunga wenyewe bila uzi. Kesho yake bandeji inatolewa, bibi anahesabu vidole, vigelegele vinapigwa, gari la kambi linaondoka. Shida inaanzia hapo. Wiki 6 zinazofuata hazina mwenyewe, na jicho lililopasuliwa vizuri linaweza kuharibikia nyumbani.

Tuanze na dawa ya matone. Mgonjwa hupewa chupa moja ya mililita 5 yenye steroidi ya kutuliza uvimbe pamoja na antibiotiki. Mpango unaotumika sana ni tone moja mara 4 kwa siku wiki ya kwanza, mara 3 wiki ya pili, mara 2 wiki ya tatu, na mara 1 wiki ya nne. Hayo ni matone 70. Mililita moja hutoa matone kama 20, maana yake chupa ina matone kama 100, na akiba ni 30 tu. Mjukuu akiibinya yakatoka matone matatu kila mara, wiki ya kwanza peke yake imekula matone 84, na chupa inakauka siku chache baadaye. Dawa ikikatika ghafla uvimbe wa ndani unarudi: jicho linakuwa jekundu, mwanga unauma, na mboni inaweza kugandamana na lenzi mpya. Kwa hiyo mafunzo ya kutia dawa tunayapa uzito mkubwa, tena kwa yule atakayetia, si kwa mgonjwa pekee. Anawe mikono kwa sabuni. Mgonjwa aangalie juu, kope ya chini ivutwe, tone moja lidondoshwe bila ncha ya chupa kugusa jicho wala kope, kisha afumbe polepole huku kona ya jicho upande wa pua ikibonyezwa kwa dakika moja au mbili. Tone la pili halina faida, linamwagika shavuni.

Wapo wa upande wa pili pia, wasioacha dawa, na hao wanatutisha zaidi. Mgonjwa anaamini chupa ndiyo iliyomfanya aone, basi ikiisha anamtuma mtu dukani anunue nyingine, na nyingine tena, bila cheti. Kwa baadhi ya watu steroidi hupandisha presha ya jicho ndani ya wiki chache. Presha hiyo mara nyingi haiumi. Inaua mshipa wa fahamu wa kuonea kimyakimya, na kilichopotea kwa njia hiyo hakirudishwi kwa dawa wala kisu.

Sasa kalenda, ambayo ndiyo kiini cha barua hii. Kambi huja kiangazi kwa sababu magari yanapita. Kuanzia Juni, kiangazi hichohicho ni msimu wa kupulizia mikorosho salfa dhidi ya ubwiri unga, na vumbi lake halibaki shambani. Likiingia kwenye jicho lenye kidonda linachoma, mzee anasugua, na kusugua katika siku za mwanzo kunaweza kufungua ile njia isiyo na uzi. Tukiomba kambi ihamie Septemba, salfa imepungua, lakini wiki ya 6, ya kupimwa miwani, inaangukia Oktoba au Novemba, watu wote wako kwenye kuokota korosho na hakuna wa kumsindikiza bibi hospitali. Tukisema Januari, mvua imeshakata barabara. Kwa maoni yetu Septemba ni afadhali, maana jicho lililokosa miwani linaweza kusubiri, lililofunguka haliwezi. Lakini tungependa kuwasikia wenzetu wa maeneo ya pamba, kahawa na mpunga: mnapangaje kambi zenu na misimu?

Jambo jingine ni maji. Wazee wengi wa huku ni Waislamu, na swali la kwanza wanalouliza ni la udhu na sijda. Ushauri wetu ni kwamba wiki ya kwanza maji yasirushwe usoni, uso ufutwe kwa kitambaa safi kuzunguka jicho, na kuinama kichwa chini pamoja na kubeba vitu vizito kuepukwe mpaka daktari aruhusu. Mashehe wanaotangaza msikitini kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kuswali ameketi wanatusaidia kuliko karatasi tunazogawa. Usiku avae ngao ya plastiki angalau wiki moja, kwa sababu aliyelala hajui anaposugua. Na asitiwe maziwa ya mama, maji ya majani wala kitu kingine chochote kisichotoka kwa mtoa huduma.

Tunachokiogopa kuliko vyote ni usaha ndani ya jicho. Hutokea kwa wachache, mara nyingi ndani ya wiki ya kwanza. Jicho lililokuwa linaona linaanza kufifia, maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, wekundu unazidi, na ukimulika tochi unaweza kuona mstari mweupe umetulia chini, mbele ya sehemu ya rangi ya jicho. Huyo anaondoka saa hiyohiyo. Vidonge vya amoksilini vya zahanati havimsaidii, kwa sababu dawa ya kumezwa haifiki ndani ya jicho kwa kiasi cha kutosha. Anahitaji sindano ya antibiotiki ndani ya jicho lenyewe, na kila saa inayopita retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, inaharibika. Hatari yenyewe ni kwamba familia humwambia avumilie, ati kidonda kinapona.

Kwa wanaofika wiki ya 6, kazi ni nyepesi na zahanati inaiweza: ubao wa herufi E wa kupimia macho uliowekwa mita 6, tochi, na kadi yenye tundu dogo la milimita 1 hivi. Mgonjwa akiona vibaya lakini akaona vizuri kupitia tundu, tatizo kwa kawaida ni la miwani. Kipimo cha urefu wa jicho kikikosewa kwa milimita 1 kabla ya kuchagua lenzi, miwani inabadilika kwa takriban dayopta 2.5 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya miwani); na ile njia iliyochongwa hubadilisha kidogo umbo la konea, kioo cha mbele cha jicho, ambalo linakaribia kutulia kipindi hicho. Ndiyo maana hatushauri kununua miwani ya mbali wiki ya pili. Hata aliyefika 6/6, yaani anayeona mbali kawaida, atahitaji miwani ya kusomea, +2.50 au +3.00, kuchambua mchele au kutunga uzi, kwa kuwa lenzi ya plastiki haijikunji kama ile aliyozaliwa nayo. Asipoambiwa hivyo kabla ya upasuaji, anaona ameibiwa, na kijiji kizima kinasikia. Tundu lisipomsaidia, tatizo huenda liko kwenye konea, retina au mshipa, naye anapelekwa kwa daktari.

Kuna na wale ambao baada ya miezi au miaka wanasema mtoto wa jicho amerudi. Kilichoingia ukungu ni ukuta wa nyuma wa kile kifuko. Leza hufungua tundu katikati yake kwa dakika chache, bila kisu, ila mashine iko hospitali kubwa na nauli ni ya watu wawili.

Maswali yetu, basi. Je, kuna mahali ambapo wahudumu wa afya ya jamii wanapita nyumbani siku ya 3 na ya 7 na tochi na kadi ya tundu, na kazi hiyo inalipiwa na nani? Mnagawa miwani ya kusomea siku ileile bandeji inapotoka, au mnaizuia ili iwe sababu ya mgonjwa kurudi wiki ya 6? Sisi tumegawanyika katika hilo. Jicho la pili mnalifanya kambi hiyohiyo baada ya siku chache, mkijua safari nyingine huenda isiwepo, au mnashikilia la kwanza litulie kwa kuhofia usaha kwenye macho yote mawili?

Na la mwisho, kwa madaktari wa macho: mgonjwa wa siku ya 7 anayeona 6/60 (mita 6 anaona kile ambacho mwenye macho mazima hukiona mita 60), jicho halimuumi wala si jekundu, tundu halimsaidii, na konea inaonekana na ukungu kidogo baada ya kutolewa lenzi iliyokuwa ngumu sana. Mnataka tumsafirishe siku hiyo, au tumpe wiki mbili nyingine uvimbe wa konea ushuke huku tukimwangalia?

Wahudumu wa macho, ngazi ya zahanati,
Mkoa wa Lindi