Saki peke yake hazimpimi mvamizi wa drafti

Bwana Mhariri,

Ukurasa wenu wa michezo uliandika juu ya vijana wenye asili ya Kongo wanaocheza futiboli ya Kimarekani katika vyuo vikuu vya Marekani, na tulifurahi kuona gazeti la hapa Lubumbashi linawakumbuka. Lakini yule mvamizi wa pembeni ambaye mnasema timu za NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, zinamngojea, mlimpima kwa mambo mawili tu: saki (mara alizomwangusha mrusha mpira) alizopata msimu mzima, na muda wake katika mbio za "mita 40". Vipimo hivyo viwili vimekwisha kuzidanganya hata timu zenye pesa nyingi.

Tuanze na lile dogo. Mbio hizo ni za yadi 40, yaani mita 36.58. Na kwa mvamizi, sehemu yenye maana ni yadi 10 za kwanza, mita 9.14, kwa sababu kwotabeki, yule mrusha mpira, kwa kawaida hasimami mbali kuliko hapo. Mtu wa kilo 115 anayezimaliza kwa sekunde 1.6 hivi ana mwanzo mzuri. Zile yadi 30 zinazobaki atazihitaji mara chache sana katika kazi yake.

Sasa saki. Kwa msomaji mgeni: kwotabeki ndiye anayerusha mpira, mvamizi anajipanga mwishoni mwa mstari wa timu inayolinda, na kazi yake ni kumfikia kabla mpira haujamtoka mkononi. Akimwangusha nyuma ya mstari akiwa bado anaushika, hiyo ni saki. Katikati yao anasimama mzuiaji wa pembeni, mtu wa kilo 140 au zaidi. Kumshinda mzuiaji huyo, tena ndani ya sekunde 2.5 hivi, ndiyo kazi yenyewe. Mengine yote yanafuata baadaye.

Mwaka 2007 Vernon Gholston alipata saki 14 akiwa chuoni Ohio State. Kwenye majaribio ya Indianapolis, ambapo timu za NFL huwapima wachezaji wa vyuo, akalala kwenye benchi na kunyanyua kilo 102 mara 37. New York Jets wakamchagua wa 6 katika drafti ya 2008, yaani uchaguzi ambapo timu za NFL huchukua kwa zamu wachezaji wa vyuo. Alikaa nao misimu mitatu, akaondoka bila saki hata moja. Danielle Hunter, mzaliwa wa Jamaica, alimaliza msimu wake wa mwisho katika chuo cha LSU na saki 1.5 tu (ile nusu hutoka pale wawili wanapomwangusha kwotabeki pamoja). Minnesota Vikings wakamchukua wa 88 mwaka 2015. Mwaka 2018 alipata saki 14.5, na mwaka 2019 akapata 14.5 tena. Ezekiel Ansah, kijana kutoka Ghana aliyejifunza mchezo huu akiwa tayari yuko chuoni BYU, alikuwa na saki 4.5 katika msimu wake wa mwisho; Detroit Lions hata hivyo wakamchagua wa 5 mwaka 2013, na mwaka 2015 akawapa 14.5.

Kwa hiyo saki zihesabiwe kwa kuzifungua moja moja. Tuseme kijana wenu ana 12. Katika tatu, kwotabeki alishika mpira sekunde nne nzima kwa kuwa wapokeaji wake wote walibanwa. Katika mbili hakuzuiwa na mtu, safu ya wazuiaji ilikosea hesabu. Mbili nyingine alikutana na mkimbiaji (yule anayebeba mpira kwa mbio) wa kilo 95 badala ya mzuiaji. Moja, mwenzake wa katikati alimfukuza kwotabeki mpaka akamwangukia mikononi. Zinabaki nne alizozipata kwa kumshinda mzuiaji wa pembeni, mtu kwa mtu. Ni kama mshambuliaji wa Mazembe au Lupopo mwenye mabao 12, manane yakiwa ya penalti: mabao ni yake, lakini klabu inayotaka kumnunua itauliza juu ya yale manne. Na upande wa pili, hesabuni pia mara ambazo alimshinda mzuiaji na kwotabeki akaurusha mpira haraka. Hizo haziingii kwenye orodha ya saki, na hapo ndipo mchezaji kama Hunter alipokuwa amejificha.

Ili kuyaona haya, msimalize mega zenu kwa zile video za dakika tatu zenye muziki. Zinaonyesha mafanikio tu. Tafuteni mechi nzima tatu au nne: mbili dhidi ya wazuiaji bora aliokutana nao, moja dhidi ya timu inayopenda kukimbia na mpira, na moja ya mwisho wa msimu, wakati mwili umechoka. Kisha ondoeni michezo isiyopima uvamizi, yaani mpira mfupi uliotoka mara moja, pasi fupi ya pembeni ambapo wazuiaji wanamwachia mvamizi njia makusudi, na ule mchezo wa kuigiza kukimbia, ambapo kwotabeki anajifanya kumpa mkimbiaji mpira. Vyuoni michezo ya namna hiyo ni mingi mno. Katika mechi nzima mnaweza kubaki na uvamizi wa kweli 15 au hata pungufu, na hao ndio mashahidi wenu. Kila mmoja utazameni mara tatu: kwanza miguu, pili mikono, tatu mwisho wake.

Miguu. Kwenye kompyuta, simamisheni video ya YouTube kisha mbonyeze kitufe cha nukta. Kila mbonyezo unasogeza picha moja. Video nyingi zina picha 30 kwa sekunde. Hesabuni picha kuanzia mpira unapotikisika hadi mguu wa mvamizi unapoondoka chini. Akitoka ndani ya picha sita au saba, macho yake yako kwenye mpira. Akitoka kwa tisa au kumi, anangoja kuona mzuiaji anafanya nini, na kwenye NFL atakuwa amekwisha kuchelewa. Anayetoka na mpira kabisa, bila kuchelewa hata kidogo, naye achunguzwe: pengine amekariri mwito wa kwotabeki. Mtazameni siku mwito unapobadilishwa. Akivuka mstari mara mbili na kuadhibiwa yadi 5 kila mara, mmejua. Kisha hatua tatu za kwanza: je, zinaenda mbele, au hatua ya kwanza inarudi nyuma kidogo ili kujipa nguvu? Hatua hiyo ya uongo inakula muda ambao hataurudisha, ingawa ni kosa ambalo kocha anaweza kulisahihisha.

Mikono ndiyo sehemu ambayo watu wengi hawaitazami, nasi tunaiona kuwa nzito kuliko zote. Mzuiaji anataka kuweka viganja vyake kifuani mwa mvamizi. Akifaulu, uvamizi umekufa. Mvamizi mzuri hupiga kifundo cha mkono au kiwiko cha mzuiaji wakati ule ule mikono inaponyooka. Akipiga mapema, mzuiaji anairudisha mikono yake, anajipanga upya, na mvamizi amepiga hewa. Akichelewa, ameshikwa jezi. Angalieni pia kama mikono na miguu vinafanya kazi pamoja: kijana anayesimamisha miguu kila anapotumia mikono hatamfikia mtu. Na je, ana njia ngapi? Wengi vyuoni wana moja tu, mara nyingi ile ya kuzunguka nje kwa mbio. Inatosha dhidi ya mzuiaji dhaifu wa Jumamosi, siku ya mechi za vyuo. Mzuiaji wa NFL ataisoma baada ya mara mbili, na kuanzia hapo mvamizi ataonekana kama hayupo uwanjani. Tunayemtaka ni yule anayekwenda nje mara mbili, mzuiaji akaanza kufungua nyonga na kuukimbilia upande huo, kisha mara ya tatu akakata ndani. Huyo anacheza kwa mpango. Mpango hauonekani kwenye takwimu yoyote, lakini kwa kutazama mechi nzima unaonekana wazi.

Halafu kona. Kwotabeki husimama kama yadi 7 nyuma ya mstari. Mvamizi anayetoka nje lazima apinde njia yake kabla ya kufika kina hicho. Asipoweza, mzuiaji anamsindikiza tu kwa msukumo mdogo apite nyuma ya kwotabeki. Siri iko kwenye kifundo cha mguu na nyonga: mguu wa ndani unalala, bega la upande wa mzuiaji linashuka, na kasi haipungui. Simamisheni picha hapo. Kama mwili umesimama wima na hatua zimekuwa fupi fupi, basi kijana hana kona, na hilo kocha halifundishi kirahisi. Kipimo kinachokaribia kuonyesha jambo hili ni mbio za koni tatu, ambapo mchezaji anazizunguka koni kwa kugeuka ghafla. Mtu mkubwa akizimaliza chini ya sekunde 7 anastahili kutazamwa upya. Aidan Hutchinson alitumia 6.73 mwaka 2022. Hilo lilisaidia kutuliza maneno juu ya mikono yake, ambayo ilikuwa mifupi kwa nafasi yake, sentimita 81.6 tu. Detroit walimchagua wa 2.

Urefu wa mikono unahesabiwa kwa sababu anayemgusa mwenzake kwanza ndiye anayeamua. Timu nyingi hupenda sentimita 84 na zaidi. Myles Garrett, wa kwanza katika drafti ya 2017, alikuwa na 89.5. Lakini mkono mrefu usiotumika ni mapambo. Kwa mvamizi anayetegemea nguvu tazameni visigino vya mzuiaji: vikirudi nyuma hatua mbili tatu mfululizo, nguvu imefika. Visiporudi, tazameni kiuno cha mvamizi; karibu kila mara kitakuwa kimepanda juu kuliko cha mwenzake.

Ulinzi dhidi ya mkimbiaji hauna utamu kwa mtazamaji, lakini ndio unaoamua atacheza dakika ngapi. Asiyeweza kusimama imara pembeni na kumrudisha mkimbiaji katikati ataingizwa kwenye jaribio la tatu tu (kila timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10), pale kila mtu anapojua kuwa mpira utarushwa. Mlisema kijana wenu ana kilo 107. Kwa uzito huo swali hili linamhusu kuliko lolote.

Wapinzani pia waandikwe. Saki tatu katika mechi moja dhidi ya timu ndogo hazilingani na kumsumbua mzuiaji ambaye naye atachaguliwa mapema. Hata hivyo chuo kidogo si kosa: Maxx Crosby alitoka Eastern Michigan, akachaguliwa wa 106 mwaka 2019, na msimu wake wa kwanza kwa Raiders akapata saki 10. Uwanja wenyewe una tofauti. Vyuoni, mistari miwili midogo ambapo mpira huwekwa imeachana kwa mita 12.19, kwenye NFL kwa mita 5.64. Kwa hiyo chuoni mara nyingi upande mmoja unabaki mpana sana, na kwotabeki anaweza kukimbilia huko na kumkwepa mvamizi. Andikeni alikuwa upande gani kabla ya kumlaumu kwamba hakumfikia. Umri uandikwe vilevile, maana kijana wa miaka 24 anayewashinda wa miaka 19 amefanya kazi nyepesi kuliko wa miaka 21. Magoti na mabega tuwaachie madaktari wa timu, ambao huwapima walioalikwa Indianapolis.

Neno moja juu ya ulinganisho wenu, mlipomfananisha kijana huyu na Biakabutuka. Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, alichaguliwa wa 8 na Carolina Panthers mwaka 1996, na ni haki kumkumbuka. Ila yeye alikuwa mkimbiaji wa mpira. Alama zake hazisemi lolote juu ya mvamizi, hata wakiwa wa damu moja.

Tunaomba basi, mtakapoandika tena juu ya kijana huyu, mweke kando ya idadi ya saki mambo haya machache: ngapi alizipata dhidi ya mzuiaji wa pembeni, ana njia ngapi za kumshinda, yadi 10 za kwanza alizikimbia kwa muda gani, na alicheza mara ngapi dhidi ya wakimbiaji. Nafasi ya safu moja inatosha. Na kuhusu usiku wa drafti: raundi ya kwanza kwa kawaida huanza saa 02:00 kwa saa za Lubumbashi, usiku wa kuamkia Ijumaa, na inatoa majina 32 hivi. Raundi ya pili na ya tatu huja usiku unaofuata, kuanzia saa 01:00, na ya nne hadi ya saba Jumamosi jioni, saa 18:00. Hunter alitoka raundi ya tatu, Crosby ya nne. Jina la kijana huyu lisipotajwa Ijumaa, msiandike kwamba ameshindwa. Wekeni nafasi kwenye ukurasa wa Jumatatu.

Kwa heshima,
Wasomaji wenu, wafuatiliaji wa futiboli ya Kimarekani
Komini ya Kampemba, Lubumbashi